Siku ya Kutoka Eda

Conques, Ufaransa
20 Mei 2024

Mama yangu mpenzi,

Assalaamu alaykum warahmatullah. Shikamoo, mama. Natumai barua hii itakukuta mzima, na umekula, tena umekula kweli, si kumega mkate mbele ya Wilkister aliyekupikia halafu ukampa paka. Mimi na Nawar hatujambo. Tumefika jana na miguu yetu bado haijui kinachoingojea.

Kama ulivyotaka, sipigi simu. Umesema ukisikia sauti yangu utalia, na ukilia presha itapanda. Basi nitaandika kila nikipata mtandao, na wewe unijibu ukipata nafasi. Nafasi unayo tele, mwenye eda atakwenda wapi? Nakutania tu, usikunje uso.

Mama, sijui nianzie wapi. Asubuhi nilifungua dirisha nikaona bonde halipo. Ukungu umelijaza mpaka kingoni, na juu ya ukungu zimetokeza paa za mawe, kali, zimebanana. Kisha ukungu ukaanza kushuka polepole na kijiji kikajitokeza nyumba moja baada ya nyingine, njia zake za ngazi, kuta zake za mbao na udongo. Nilikuwa na mswaki mdomoni. Nikausahau humo humo.

Hapa pana kanisa la karibu miaka mia tisa, na juu ya mlango wake wamechonga Siku ya Kiama. Nilisimama chini yake na mtandio wangu kichwani, nikaona malaika na mizani, nikaona watu wa kuliani wametulia na watu wa kushotoni wanakokotwa. Hakuna aliyenifasiria na nilielewa kila kitu. Watu wale walichonga mawe kwa nyundo, hawajatuona wala hatujawaona, na tunaogopa siku ileile.

Ramani ya baba nnayo kifuani. Mstari wake wa penseli ya kijani unaanzia hapa, unafuata mto Lot, unaingia mto Célé, unatoka tena Lot na kuishia Cahors. Kilomita kumi tu kwa siku, na siku za kupumzika, kwa ajili ya goti lake. Amepima kila kitu, hata sehemu za kupata maji. Miaka thelathini amewapimia watu ardhi zao, na hii ndiyo aliyojipimia mwenyewe, asijaaliwe kuitembea. Nimetazama mstari ule leo nikalia kidogo, kisha nikafunga kamba za viatu.

Nipe radhi zako.

Mwanao,
Bashayer


Mawaleh, Muscat
23 Mei 2024

Mwanangu Bashayer,

Waalaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh. Marahaba, mwanangu. Mimi mzima, alhamdulillah, nakula, na paka amenenepa kwa sababu zake mwenyewe. Msalimie rafiki yako Nawar, umwambie mama yake alinipigia na nikamdanganya kuwa mnalala kwenye mahoteli.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Hiyo habari ya mlango wa kanisa nimemsomea Wilkister na yeye akasema, "Huyo malaika wa mizani hata sisi kwetu tunamjua, mama." Sikujua mawe yanaweza kusema na mtu wa Mawaleh na mtu wa Homa Bay kwa wakati mmoja.

Shangazi yako Mazoon anakuja kila Jumatatu na malalamiko yaleyale. "Mtoto kamwacha mamake edani, kenda kupanda milima ya Wafaransa!" Nikamwambia, "Nimemtuma mimi." Alichukua kahawa yake akainywa kwa kishindo.

Sasa nikwambie la moyoni. Kaka yako Talal hajaacha. Anataka nihamie kwake Qurum, chumba cha juu, na nyumba hii ifungwe. Nimemwambia mwenye eda hahamishwi, asubiri nitoke. Akasema vyema, basi siku hiyohiyo ya kutoka atakuja na shangazi yako, tukae, yaishe. Talal si mbaya, unamjua. Ananipenda, na anadhani kupenda ni kubeba.

Mimi sitaki kutoka hapa, Bashayer. Hapa ndipo nilipokaa na baba yako, kila mlango naujua unavyolia. Lakini tangu nizaliwe sijamwambia mwanamume "sitaki" usoni. Babu yako hakuwa wa kuambiwa, na baba yako, Mungu amrehemu, hakuwahi kunifikisha huko. Kwa Talal ulimi wangu unakuwa mzito. Akishaanza na "mama, sikiliza", mimi nimeshakwisha. Naogopa nitasema "haya, baba" kwa mazoea tu, na neno hilo halirudi.

Kwa hivyo uwepo siku hiyo. Sitaki unisemee. Nataka ukae karibu yangu tu.

Radhi zangu unazo zote.

Mama yako


Espagnac, bonde la Célé
29 Mei 2024

Mama yangu,

Assalaamu alaykum. Shikamoo. Presha vipi? Dawa ile ndogo ya jioni unaikumbuka? Sisi wazima, isipokuwa Nawar ana malengelenge kwenye visigino vyote viwili na anawatukana watengenezaji wa viatu kwa Kiarabu na Kiswahili, akichoka anaanza upya.

Barua yako nimeipata leo tu. Mama, nitakuwepo. Nimekaa nikahesabu vizuri: baba alifariki tarehe mosi Februari. Miezi minne inakwisha mosi Juni, na siku kumi, tarehe kumi na moja. Ndege yetu inatua Muscat tarehe kumi asubuhi. Nitakuwa na siku nzima ya kukutia hina na kufukiza udi nyumba nzima kabla hujatoka. Hatutafika Cahors, mwisho wa mstari wa baba. Tutakatia Saint-Cirq-Lapopie ili nikuwahi. Baba angeelewa.

Sasa nikupe habari za mto. Célé ni mto mdogo, mama, mtoto wa shule angerusha jiwe likavuka. Lakini angalia kazi yake! Umekata mlima wa chokaa toka juu mpaka chini, ukatengeneza kuta ndefu kushinda majengo ya Ruwi huko kwetu, na unapita chini yake kimya. Kuta zina rangi ya siagi, halafu kijivu, halafu pana michirizi myeusi ambapo maji yameteremka kwa karne. Nilikuwa nadhani milima ninaijua, nimezaliwa imetuzunguka. Lakini milima yetu iko wazi, imesimama na mifupa yake nje. Hii imevaa. Miti mpaka ukingoni, ndege ndani ya miti, na chini nyasi mbichi mpaka zinatia wivu.

Na juu huko, katikati ya jabali, watu walijenga. Kuta, madirisha, milango inayofunguka hewani. Walikimbilia humo wakati wa vita, na sasa wanakaa njiwa. Tulikaa chini yake kula mkate na jibini, hatukusemezana nusu saa. Nawar hakusema neno nusu saa, mama! Hilo peke yake ni muujiza.

Tumelala kwa bibi mmoja jina lake Odile, ana miaka themanini na nne, anaishi peke yake katika nyumba yenye umri wa miaka mia nne. Anapangisha vyumba kwa watembeaji. Nilimuuliza haogopi? Akaniuliza, "Nimwogope nani? Nyumba?" Kisha akatutuma tukamletee kuni, na tulipochelewa akatugombeza kama wajukuu zake. Wanawe wako Toulouse, wanamtaka ahamie kwao kila mwaka. Kila mwaka huwapikia vizuri, wakashiba, wakaondoka.

Nakupenda sana.

Mwanao,
Bashayer


Mawaleh, Muscat
1 Juni 2024

Mwanangu,

Waalaykum salaam. Sisi wazima. Joto limeshaanza kututafuta, saa mbili asubuhi ukigusa komeo la geti unaunguza mkono.

Nimesoma barua yako, na hesabu yako nimeiona.

Jana Talal alimleta fundi kuja kupima kabati langu la nguo, ajue kama litaingia katika chumba cha juu. Nilikuwa chumba cha pili nikisikia utepe wa kupimia unavutwa na kurudishwa. Sikutoka. Nilitaka kutoka. Nilishika kitasa, nikakiachia.

Huyo Bi Odile nimempenda. Nimemwambia Wilkister habari zake, akacheka. "Huyo ni nyanya kabisa! Akija Kenya tunampa shamba."

Sijawahi kuona mto usiokauka, Bashayer. Huku kwetu mto ni wadi, mawe mwaka mzima, halafu siku moja maji yanakuja kama yametumwa kuua. Zanzibar niliiacha mdogo sana, sikumbuki kitu. Baba yako alikuwa akiniambia kuna nchi mto unapita kila siku na watu hawageuki kuutazama. Niandikie ukoje alfajiri. Niandikie rangi yake.

Tembea, mwanangu. Usikate njia, usikimbie. Tazama kila kitu.

Mama yako


Cabrerets
6 Juni 2024

Mama mpenzi,

Assalaamu alaykum, shikamoo. Natumai hujambo, na Talal hajarudi na utepe. Sisi hatujambo. Nawar amepona, ila tulikaa Marcilhac siku nne tukimngoja apone, na sikujuta hata saa moja.

Uliniuliza mto ukoje alfajiri. Nilisali Alfajiri ukingoni, kwenye majani, mavazi yangu yakalowa umande mpaka magotini. Mwanzo hauna rangi, unausikia tu. Kisha unakuwa kama maziwa yaliyochanganywa na maji. Jua likifika juu ya jabali, mto unakuwa kijani, kijani cha ndani, na unaona mawe chini yake moja moja na samaki wamesimama wanapinga mkondo. Hawaendi mbele wala nyuma. Niliwatazama mpaka Nawar akaja kuniuliza kama nimengoja jua lipande nisali na Dhuha.

Na mama, jana. Jana sijui nitaiandikaje.

Juu ya kijiji hiki pana pango. Unashuka na kiongozi, baridi inakukamata shingoni, taa ni chache. Humo ndani watu wa zamani, wa zamani hata kabla ya zamani tunayoijua, wamechora farasi wenye madoa. Na pembeni ya farasi, mikono. Waliweka kiganja ukutani wakapuliza rangi kuzunguka, wakautoa mkono, na pale mkono ulipokuwa pamebaki mkono. Kiongozi akasema miaka elfu ishirini na zaidi. Nikamwomba arudie, nikidhani Kifaransa changu kimenitupa. Akarudia.

Kuna kiganja kimoja kidogo, kama changu. Nilinyoosha mkono wangu hewani mbele yake, mbali, maana hairuhusiwi kugusa. Vidole vikalingana. Mtu huyu alipumua, aliona njaa, alimzika mtu wake. Hakuna hata neno moja la lugha yake linalojulikana duniani. Na mkono wake unasema nilikuwepo. Nikasema Subhanallah kwa sauti, ikazunguka pangoni ikarudi. Hakuna aliyecheka.

Baba alikuwa anajua. Kwenye ramani, mahali hapa, hakuandika umbali wala maji. Ameweka duara tu.

Sasa tunaingia njia iliyochongwa ndani ya jabali kando ya mto Lot, ambako zamani watu walikuwa wakivuta majahazi kwa kamba. Mtandao huku ni wa kubahatisha. Nitakuandikia nikifika Saint-Cirq tarehe nane jioni, tisa tunapanda ndege, kumi niko kwako. Usifikirie kabati. Niko njiani.

Mwanao,
Bashayer


Saint-Cirq-Lapopie
8 Juni 2024, jioni

Mama,

Simu yangu imewaka sasa hivi na ujumbe wa kwanza ni wa Shangazi Mazoon: "Hongera, mamako katoka eda leo salama. Sote tulikuwepo ila wewe."

Leo? Vipi leo? Nimehesabu kumi na moja!

Nimekaa kwenye ngazi za kanisa, Nawar kanishikia begi, tumehesabu upya kwa vidole. Mwezi mwandamo. Eda inakwenda kwa mwezi mwandamo, kila mtoto wa madrasa anajua, na mimi nimehesabu kwa kalenda ya ofisini iliyotundikwa juu ya mashine ya kuchapia. Siku tatu. Nimekukosa kwa siku tatu, mama.

Nimepiga simu mara sita, yako na ya Wilkister, hazipatikani. Talal hajibu. Uko wapi? Wamekupeleka Qurum? Ulikuwa na mtu karibu yako? Uliniomba kitu kimoja tu.

Kijiji hiki wanasema ni kizuri kuliko vyote. Kipo juu ya jabali, mto unazunguka chini yake. Sikioni.

Nijibu, nakuomba. Hata neno moja.

Bashayer wako


Mawaleh, Muscat
9 Juni 2024, asubuhi

Mwanangu Bashayer,

Assalaamu alaykum. Niko nyumbani. Nyumbani kwangu, Mawaleh. Neno uliloliomba ndilo hilo, futa machozi kisha usome mengine polepole.

Simu hatukuisikia kwa sababu niliizima, nikamzimisha na Wilkister yake. Utaona kwa nini.

Jana ilikuwa mosi Mfunguo Tatu, mwezi wa Hija umeandama. Nilioga kabla ya alfajiri, nikavua nguo nyeupe, nikatia wanja kwa mara ya kwanza tangu baba yako. Jirani yetu Manal akatupakia, mimi na Wilkister, akatupeleka Bustan tukatie miguu baharini kama wanavyofanya wanaotoka eda. Nilidhani ni desturi tu, nifanye yaishe. Mwanangu, siku mia moja na ishirini na nane nimeona mbingu kipande kinachotosha ua wetu. Niliposhuka garini niliinua uso. Mbingu ilikuwa kubwa mno! Na ile milima ya nyuma ya Bustan, niliyopita chini yake miaka hamsini nikizungumza habari za vitunguu, ilikuwa imewaka nyekundu yote, kila mkunjo, kila ufa. Hata jani moja haina, na sikuona inapungukiwa na kitu. Nilisema Subhanallah mara nyingi mpaka Wilkister akasema, "Mama, uko sawa kweli? Tukuitie daktari?" Nikamwambia mwache daktari alale, niache nitazame huu mlima.

Saa kumi wakaja. Talal, mkewe, shangazi yako. Niliwapikia vizuri, wakashiba. Kisha Talal akaanza, "Mama, sikiliza." Nikahisi ulimi unaondoka kama ninavyoujua. Nikatazama pembeni yangu, ulipopaswa kukaa. Pako wazi. Nikasubiri "haya, baba" ije. Ikaja mpaka hapa kooni, nikaimeza.

Nikamwambia, "Talal, mimi sihami."

Sauti ilitoka ndogo, ya mtoto. Shangazi yako akaniuliza, "Umesemaje, Kheiria?" Ikabidi nirudie, na mara ya pili ilitoka yangu. "Sihami. Nitazeeka hapa. Ijumaa nitakuja kula kwako, na ukiumwa nitakuja kulala kwako, lakini nitarudi."

Talal hakugomba. Alifunika uso na mikono akalia, mtu mzima na kilemba chake. Akasema tangu baba afe halali, kila saa anadhani simu italia aambiwe mimi pia nimefariki. Kumbe hofu hiyo ndiyo iliyokuwa ikimsumbua, na miezi minne hajaisema, anapima makabati. Nikamvuta kichwa nikakiweka mapajani kama alipokuwa na surua. Shangazi yako akatoka kwenda kutazama jiko, ambalo halikuwa na tatizo lolote. Talal alikaa mpaka Isha. Alipoondoka alisema, "Basi nitakuja kila asubuhi nikuone." Nikamwambia aje na mkate.

Leo baada ya jua kuchomoza nimetoka kwa miguu. Peke yangu, mpaka mwisho wa barabara yetu na kurudi. Magari matatu yalisimama. "Bi Kheiria, gari limekufa?" "Khala, nani kaumwa?" Mtu wa Mawaleh akionekana anatembea, watu wanajua pana msiba. Nikawaambia natembea tu. Mmoja alinifuata nyuma mita mia mbili, hakuamini.

Na sasa sababu niliyoizimia simu. Ningeipokea jana, sauti yako ingenitoa ukweli wote kabla sijapata namna ya kuuandika.

Ulipoandika tarehe kumi na moja, niliona kosa lako palepale. Nilishika simu nikakuandikia: mwanangu, ni tarehe nane, kata safari urudi. Nikaitazama. Nilijua utarudi mbio usiku huohuo, na mto wa baba yako ungeuacha nusu. Nikafuta. Hilo ndilo nililojiambia, na ni kweli. Lakini si kweli yote. Nilitaka pia kujua kama nitaweza peke yangu, kwa sababu wewe huwezi kukaa karibu yangu maisha yangu yote. Kwa hivyo hukunikosa, Bashayer. Nilikuacha ukose. Jana usiku ulilia kwenye ngazi za kanisa kwa sababu yangu, na hilo limeniuma kuliko yote niliyokwambia hapa.

Usipande ndege leo. Nimemwambia Talal, atabadilisha tiketi zenu zote mbili, na kazini kwenu atawapigia yeye. Hakuna kinachokungoja huku ila mimi, na mimi naweza kungoja. Geuka uitazame hiyo Saint-Cirq, kisha nenda mpaka Cahors, mpaka penseli ya baba yako ilipoishia.

Barua yako ya kwanza uliniomba radhi, nikakupa zote. Leo mimi ndiye ninayeomba. Nipe radhi yako, mwanangu.

Mama yako,
Kheiria